Wanafunzi wa Uhandisi Wakija Kijijini, Tuwafundishe Nini?

Mazungumzo na wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia

Tunawashukuru kwa kuacha palizi na kuja. Tunajua magugu hayangoji mkutano, kwa hivyo tutajaribu kutowachelewesha.

Kuna barua hapa mezani. Imetoka chuo kikuu, idara ya uhandisi. Wanaomba kutuletea wanafunzi wanne wa shahada ya kwanza, wafanye utafiti wao pamoja na vikundi vyetu, kuhusu kutengeneza makaa kutokana na magunzi ya mahindi. Tulipoisoma Jumapili wakati wa matangazo, tulisikia minong'ono. Mama mmoja alisema wazi, "Wale tena?" Wengine mkacheka. Lakini hakikuwa kicheko cha furaha, na sababu yake tunaijua sote.

Basi kabla ya kuijibu barua hii, kwa ndiyo au kwa hapana, tukae tuzungumze.

Kwa wale ambao hawakuwako: miaka michache iliyopita walikuja wanafunzi watano wa chuo kimoja, wakaenda kwa kikundi cha akina mama kule upande wa chini, kwenye maembe. Walikuwa vijana wazuri, wenye heshima, walilala kwenye magodoro chini bila kunung'unika. Walitaka kutengeneza kikaushio cha maembe cha kutumia jua: sanduku la plaiwudi, karatasi ya plastiki juu yake, trei za wavu ndani, na feni ndogo ya kuzungushwa na sola na betri. Kikundi kilitoa shilingi 14,000 za mzunguko kununua mbao na wavu. Na sisi wa ofisi ya maendeleo ndio tuliotia sahihi barua ya kuwakaribisha.

Siku ya kukizindua kulikuwa na nyimbo, kuku wakachinjwa, picha zikapigwa. Wanafunzi wakarudi chuoni, wakafanya mtihani wao, na tuliambiwa walipata alama nzuri. Mvua za Novemba zilipofika, plaiwudi ikafura na mlango ukakataa kufunga. Betri nayo ikafa Januari, wakati maembe yamejaa kila mahali na bei sokoni imeanguka, yaani wakati ule ule kikaushio kilipohitajika. Maembe yaliyokatwakatwa yakaota ukungu mle ndani. Leo kuku wanatagia humo.

Tulipokwenda kuuliza kilichotokea, tulitarajia kusikia lawama juu ya wanafunzi. Tulisikia jambo lingine, na ndilo lililotuleta mbele yenu leo. Katibu wa kikundi alituambia polepole, "Sisi tulijua tangu siku ya kwanza." Walijua plaiwudi hailali nje hata msimu mmoja. Walijua trei ya juu iko mbali, mama mfupi haifikii bila kupanda jiwe. Walijua mlango umeelekea upande wa upepo na vumbi lote litaingia. Walijua haya yote kabla msumari wa mwisho haujapigwa.

"Sasa mbona hamkuwaambia?"

Akatutazama kama watu waliokosa malezi. "Mgeni utamwambiaje kwamba kazi yake ni mbaya?"

Jamani, hapo tulikosa la kusema. Kwa sababu hata sisi tuliona. Mmoja wetu aliipapasa plaiwudi ile kwa mkono wake, akajua si ya nje, akanyamaza. Tukasema kama kila mtu: asanteni sana, ni nzuri sana. Wanafunzi wakaandika kwenye daftari zao kwamba jamii imeridhika. Hawakudanganya. Waliandika tuliyowaambia.

Heshima yetu kwa wageni ni jambo jema, na hatutaki iishe. Lakini kikaushio kile hakikuuawa na mvua peke yake. Adabu yetu nayo ilikuwa na mkono. Shilingi 14,000 ni karo ya mtoto, au ni mbuzi kadhaa, na zile hazikuwa za wafadhili. Zilikuwa za akina mama, mia mia kila Ijumaa.

Sasa tuulizane, huu mradi wa mwanafunzi ni kitu gani hasa? Tunaona wengi wetu hatukuelewa, na ndiyo maana tuliwapokea kama tunavyopokea wahisani.

Hapa Kenya anayesomea uhandisi chuo kikuu husoma miaka 5, na mwaka wa mwisho ni lazima afanye mradi. Achague tatizo, apime, abuni kifaa, akitengeneze, akijaribu, kisha aandike ripoti na kuitetea mbele ya wahadhiri. Lakini hafanyi peke yake. Ana mhadhiri aliyepewa kumsimamia. Kazi ya msimamizi si kumfanyia, ni kumwuliza: umejuaje? Umepima mara ngapi? Kikivunjika itakuwaje? Ni kama seremala na mwanagenzi wake. Randa anamwachia ashike mwenyewe, lakini jicho halitoki kwenye ubao.

Zamani, katika vyuo vingi, mwanafunzi wa shahada ya kwanza alikuwa wa kusikiliza na kunakili tu. Utafiti uliachiwa wakubwa. Mwaka 1957 Edwin Land, yule aliyevumbua kamera ya Polaroid ya kutoa picha papo hapo, alihutubia chuo kiitwacho MIT kule Marekani, akasema mwanafunzi asingojeshwe hivyo. Tangu anapoingia apewe mtafiti wa kufanya kazi pamoja naye, na swali ambalo jibu lake halimo kitabuni. Miaka 12 ikapita. Mwaka 1969 mwalimu mmoja wa fizikia wa hapo hapo, Margaret MacVicar, akaanzisha mpango wenyewe: mwanafunzi anabisha mlango wa mhadhiri, anaingia katika utafiti wake, anapata ujira au alama za masomo. Mpango huo upo hadi leo, na wanafunzi wengi wa chuo hicho huupitia. Vyuo vingine vingi vimeiga.

Tunawaeleza haya ili mjue yule kijana mwenye daftari ni nani. Si mfadhili. Si serikali. Si fundi aliyefuzu. Ni mwanafunzi, na anayejifunza huonyeshwa alipokosea. Mtoto wako akikuletea daftari la hesabu, humwambii "vizuri sana" juu ya jibu lisilo sahihi ati kwa sababu ametembea mbali kutoka shuleni.

Tena tuuangalie muda wake. Muhula wa chuo ni miezi mitatu, minne. Mvua haijui muhula. Kifaa kilichotengenezwa Agosti hakijakutana na Novemba. Na mwanafunzi akishafuzu ameondoka, ana maisha yake, ana kazi ya kutafuta, hatuwezi kumlaumu. Anayebaki kule chuoni ni mhadhiri. Anayebaki hapa ni nyinyi. Hao wawili wasipojuana, mradi hauna mwenyewe. Msimamizi wa wale wanafunzi wa maembe hakuwahi kukanyaga pale hata siku moja. Jina lake tulikuwa nalo kwenye barua, simu yake hatukuwa nayo. Hatukuiomba.

Lakini kuna mahali ambapo mambo yalikwenda vizuri, tena si mbali na kwetu.

Katika chuo hicho cha MIT, mwaka 2002, mwalimu Amy Smith, ambaye akiwa kijana alijitolea kufanya kazi Botswana, alianzisha darasa liitwalo D-Lab. Wanafunzi hupewa tatizo la watu wa kawaida wa nchi fulani, wanahangaika nalo darasani, kisha wanasafiri kwenda kukaa na wenye tatizo. Mojawapo ya kazi zilizotokana na hapo ni kiti cha magurudumu. Amos Winter, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya juu, alifika Tanzania mwaka 2005 kuangalia jinsi watu wenye ulemavu wa miguu wanavyotembea. Mnaijua shida yenyewe. Kile kiti cha hospitali kwenye mchanga kinazama, kwenye mlima hakiendi. Ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungushwa kwa mikono inafaa barabarani, lakini ndani ya nyumba haiingii.

Yeye na wenzake, wanafunzi wa shahada ya kwanza wakiwemo, walibuni kiti chenye nyenzo mbili za kusukuma kwa mikono. Ukizishika juu, nguvu inaongezeka, unapanda mlima. Ukizishika chini karibu na kiti, unakwenda kasi. Mnyororo na gia ni za baiskeli, zile zile anazozijua fundi wa baiskeli sokoni. Hilo lilifikiriwa vizuri, kwa sababu kiti kikiharibika mwenyewe hangojei spea kutoka ng'ambo.

Mwaka 2009 wakaleta viti vya majaribio Afrika Mashariki, na hapa Kenya walifanya kazi na APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo ambacho kina karakana ya viti Nairobi. Hesabu zote za darasani zilikuwa sahihi. Kiti kilipanda mlima. Lakini waliokikalia wakasema: ni kizito mno. Ni kipana, mlango wetu hakipiti vizuri. Ndani ya nyumba kinatusumbua.

Hebu fikirini. Watu hao wameletewa kiti na wageni kutoka ng'ambo. Wangeweza kusema ahsante na kunyamaza, kama tulivyonyamaza sisi. Wao walisema. Wanafunzi na walimu wao wakarudi mezani, wakapunguza uzito kama kilo 9, wakapunguza na upana, na mwaka 2010 wakapeleka kiti kipya kujaribiwa Guatemala, Amerika ya Kati. Baadaye kikafika India, na baadhi ya waliokibuni wakaanzisha kampuni ya kukitengeneza. Kama watu wa huku wangesema "ni kizuri sana", kile kizito ndicho kingepandishwa ndege kwenda Guatemala.

Habari ya pili ni ya Malawi. Ni ndefu kidogo, mtuvumilie, kwa sababu inahusu watoto wachanga, na katika ukumbi huu wako akina mama waliowahi kuzaa kabla ya miezi kutimia.

Mtoto njiti mapafu yake hayajakomaa. Mmewahi kupuliza baluni mpya? Pumzi ya kwanza ndiyo ngumu. Ikishafunguka kidogo, zinazofuata ni rahisi. Sasa mapafu ya mtoto huyu ni kama baluni ambayo kila akitoa pumzi inajifunga kabisa, na kila mara anaanza tena ile pumzi ngumu ya kwanza. Anachoka. Wengine hufa kwa kuchoka huko. Kinachosaidia ni kumpulizia hewa puani kwa msukumo mdogo usiokatika, ili mapafu yasijifunge. Mashine za kazi hiyo zilikuwa zikiuzwa kwa maelfu ya dola, na hospitali nyingi za nchi kama zetu hazikuwa nazo.

Kuna chuo kikuu kiitwacho Rice, mji wa Houston, Marekani. Walimu wawili wa hapo, Rebecca Richards-Kortum na Maria Oden, wana desturi ya kuwapa wanafunzi wa shahada ya kwanza matatizo kama haya. Chuo kina karakana kubwa ya usanifu iliyofunguliwa mwaka 2009, na jina walilolipa karakana hiyo ni Jiko. Akina mama, mmesikia. Kikundi cha wanafunzi wa mwaka wa mwisho kilichukua pampu mbili za samaki, zile za kutilia hewa katika tangi la kioo la samaki wa mapambo, wakaziweka ndani ya sanduku la plastiki kama la kuwekea viatu. Hewa inapita kwenye mpira hadi puani mwa mtoto, na mwisho wa mpira unatumbukizwa katika chupa ya maji. Akili yote iko kwenye chupa. Mpira ukizama sentimita 6, hewa haiwezi kutoka mpaka isukume maji ya sentimita 6, na huo ndio msukumo anaoupata mtoto. Unataka msukumo mdogo? Uvute mpira juu kidogo. Na ukiona mapovu, unajua kazi inaendelea.

Kufikia hapo ulikuwa bado ni mradi wa shule. Wanafunzi wangeweza kupewa alama zao, sanduku likawekwa kwenye rafu. Kilichouokoa ni wale waliobaki. Walimu wao walihakikisha kifaa kimepimwa na kulinganishwa na mashine za hospitali za Marekani. Kampuni moja ya usanifu ya California ikakiunda upya kiwe imara, kwa sababu pampu za samaki hazikukusudiwa kazi ya wodi. Na kule Blantyre, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, wauguzi na madaktari ndio waliokitumia na kusema kinafaaje.

Angalieni jambo moja ambalo mhandisi wa Houston hawezi kulijua akiwa kwake. Wodi zetu zina wauguzi wachache na madaktari wachache zaidi. Ikiwa ni lazima daktari aje ndipo mashine iwashwe, mtoto atangoja, na mtoto huyu hana muda wa kungoja. Kwa hivyo ukawekwa utaratibu mfupi ili muuguzi aanze mwenyewe: je, mwili wa mtoto una nguvu, haujalegea? Je, anapumua kwa shida? Je, moyo unapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika? Ikiwa majibu ni ndiyo, mwanzishe. Utaratibu huo hauna waya wala bolti hata moja, lakini bila huo sanduku lingekaa tu.

Matokeo ya Blantyre yalichapishwa mwaka 2014. Watoto 62 walitumia kifaa hicho, na waliopona ni asilimia 71. Watoto 25 walipewa oksijeni ya kawaida peke yake, na waliopona ni asilimia 44. Watoto hao hawakugawanywa kwa kura, kwa hivyo mtu wa hesabu atatuambia tusiipokee tofauti hiyo bila uangalifu, na ana haki. Hata hivyo kifaa kilisambazwa katika hospitali kuu na za wilaya za serikali ya Malawi. Jina lake ni Pumani, neno la Kichewa, na hata sisi wa Kiswahili sikio letu linalitambua. Tangu mwaka 2019 walimu wale wale wamo katika muungano uitwao NEST360 unaopeleka vifaa na mafunzo ya watoto wachanga Malawi, Tanzania, Nigeria na hapa Kenya. Na kule Blantyre, na Dar es Salaam pia, vyuo vya ufundi sasa vina karakana ambamo wanafunzi wa huko wenyewe wanabuni. Hilo la mwisho ndilo lililotufurahisha kuliko yote. Iko siku binti wa mmoja wenu, ambaye sasa yuko kidato cha pili na anapenda hesabu, ndiye atakayekuja na daftari.

Haya, turudi kwenye barua na magunzi.

Wazo lenyewe si la jana. Wanafunzi wa D-Lab walilifanyia kazi Haiti, nchi ambayo misitu yake imekatwa sana. Huko walianza na makapi ya miwa. Unachoma makapi makavu ndani ya pipa la mafuta lenye matundu chini na mdomo juu. Mwanzoni moshi ni mweupe, mzito. Ukianza kupungua, unafunika pipa, unaziba kwa mchanga chini na kandokando hewa isiingie, unaliacha saa mbili hivi lipoe. Yaliyobaki ni masizi meusi. Unayaponda, unachanganya na uji wa muhogo, unayabana yawe vidonge, unaanika. Baadaye wakaona kwamba magunzi ya mahindi yana nafuu: yanatoka kwenye pipa yakiwa mazima na unaweza kuyatumia hivyo hivyo, bila uji na bila kubana. Kazi hiyo ifanyiwe nje, mbali na nyumba na watoto, na makaa yasilale yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake haina harufu ya kukuonya, nayo inaua. Hilo hatutachoka kulirudia.

Sasa sikieni vile tunavyojua sisi, ambavyo wanafunzi hawatajua msipowaambia. Magunzi hapa hayatupwi. Tunayawasha hivyo hivyo chini ya sufuria. Mtu akiyageuza makaa kwanza, sehemu kubwa ya moto wake inapotelea pale kwenye pipa kwa moshi. Kwa hivyo mama anayepika githeri kwa magunzi atauliza: mimi napata faida gani? Labda faida ni jikoni kusikokuwa na moshi. Labda ni kuuza. Labda hakuna, na hilo nalo ni jibu la utafiti, tena jibu zuri likipatikana mapema kabla hatujanunua mapipa. Tena makaa ya magunzi ni mepesi, yanaisha upesi. Yatapika maharagwe au chai tu? Wapime kwa sufuria zenu, si kwa kopo la maabara. Na magunzi tunayapata kwa wingi wakati wa kupura mahindi, kisha mvua inakuja. Yatawekwa wapi yakae makavu? Nani atakayesimama kando ya pipa kungoja moshi, wakati ule ule ambapo maji hayajatekwa? Mkisema "mama atasimama", wasimame na wao siku moja wahesabu saa.

Ofisi yetu imefikiria ya kuwajibu, lakini hatutatia sahihi peke yetu safari hii. Kwa maoni yetu wakubaliwe kwa masharti. Mhadhiri msimamizi aje mwenyewe, angalau siku ya kwanza na siku ya mwisho, na simu yake ikae kwa katibu wa kikundi, si kwetu tu. Fedha za mzunguko zisiguswe. Vifaa vya majaribio vinunuliwe na chuo. Kila kitu wanachotengeneza kiweze kurekebishwa na fundi wa jua kali aliyeko hapa sokoni, na fundi huyo aitwe mapema, alipwe siku yake, aseme ni chuma gani kinapatikana hadiwea na kipi hakipatikani. Warudi tena baada ya mvua, hata kama mtihani umekwisha. Ikiwa wale wanne hawawezi, mhadhiri alete wengine waendelee pale walipoachia wenzao. Huko kwa wenzetu ndivyo kazi moja ilivyopita mikononi mwa vikundi vingi vya wanafunzi. Ripoti iletwe hapa, na muhtasari wake uandikwe kwa Kiswahili, na majina ya waliofundisha yaandikwe humo, akina mama kwanza. Mambo ya picha nayo tuulizwe kabla. Kuna mama wa upande wa chini ambaye picha yake akibeba trei ya maembe iliwekwa kwenye kitabu cha chuo. Yeye mwenyewe hajaiona mpaka leo.

Mtauliza, je, wakikataa masharti? Basi wakatae. Tutakuwa tumepoteza stempu.

Lakini sharti moja ni letu wenyewe, na ndilo gumu. Katika kila kikundi kitakachowapokea, wachaguliwe watu wawili ambao kazi yao ni kusema. Si wenye cheo, maana mwenyekiti kila mara atataka kushukuru. Achaguliwe yule mama ambaye mnamwita mkali. Kila jioni akae na wanafunzi, awaambie leo nimeona hiki na hiki hakitafaa, na sababu ni hii. Na wao waandike. Sisi tutawaeleza wanafunzi mapema kwamba huyu si adui, ni mwalimu wao wa pili, ili wasije wakaona wamechukiwa. Chakula wapewe kama kawaida. Kuku achinjwe. Lakini achinjwe siku ya kwanza, siyo siku ya kuzindua, ili asiwe sababu ya kunyamaza.

Kikundi cha upande wa chini kimetutumia ujumbe. Wao wako tayari kuwapokea wawili kati ya wanne, na wamesema katibu wao ndiye atakayekaa nao kila jioni. Wameomba pia kwamba siku moja ya kazi itumike kukifungua kile kikaushio cha zamani, wanafunzi wakione kilivyo ndani, kabla hawajaanza jambo lingine. Tumekubali kuliandika hilo kwenye barua.

Nafasi iliyobaki ni ya kikundi kimoja. Karatasi itapita sasa. Kikundi kinachotaka kiandike jina lake na majina ya wale wawili wa kusema. Ambao hamkuelewa jambo lolote, tuulizeni kabla chai haijaletwa. Barua itaondoka Jumatatu na matatu ya asubuhi.